Macho ya Mshonaji

Haya yametoka kinywani mwa mkewe mwenyewe, na mke akianza kumsema mumewe mbele ya wanawake wenzake, mboga zimewekwa mapajani zinachambuliwa, hana haja ya kutia chumvi.

Mtaani walimwita Kalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe, halafu akangoja watu walizoee. Chumba cha mbele cha nyumba yake alikigeuza ofisi, akatundika kibao mlangoni: PICHA ZA WINO, KAZI YA MKONO. Mkono gani? Mtu yule hakuweza kuchora kuku ukajua ni kuku. Ukimpelekea picha ya marehemu wako, anaipokea kwa mikono miwili, anaitazama kama daktari aliyeletewa majibu mabaya, kisha anashusha pumzi. "Uso huu utanitesa," anakwambia. "Nipe wiki mbili."

Ukishatoka tu, anaipitisha kwenye skana, anaifungua kwenye kompyuta, anaondoa rangi zote, anauzidisha weusi mpaka kijivu chote kinakufa, inabaki mistari mitupu kana kwamba mtu amekesha na kalamu ya wino. Dakika ishirini, kazi imekwisha. Siku zilizobaki ni za kulala. Akishachapa kwenye karatasi nene, anaongeza mistari miwili ya wino halisi kwenye kola ya shati, ili mwenye shaka akigusa, kidole kichafuke. Na watu walivyo wepesi wa kudanganywa, waliigusa, wakatazama kidole, wakampa mkono.

Shida yake ilikuwa macho. Kompyuta ilikuwa inayala. Picha nyingi, macho yalitoka mashimo meusi, marehemu wa watu akabaki kama aliyetobolewa kwa msumari. Dawa ilikuwa kuyachora upya, na kuchora ndiko alikokukimbia. Sasa, siku moja mama mmoja mwenye duka la vitambaa akamletea picha ya dada yake, mshonaji, aliyekuwa amefariki kwa homa. Macho ya mshonaji yalitoka safi. Kope moja moja ilisimama. Hata kovu dogo la kope ya kushoto, pale sindano ya cherehani ilipovunjika ikamrukia, lilitoka mstari mmoja mwembamba.

Kalamu akayakata, akayaweka kwenye faili lake peke yake, akaliita MACHO. Tangu hapo kila marehemu alivishwa macho hayo: wazee wenye ndevu, mabibi harusi, mpaka dereva wa lori. Na kwa uvivu wake akaziunganisha picha zote na faili lile moja, ili akirekebisha pale, zirekebike zote. Wafiwa walilia. "Ni yeye kabisa! Ananitazama!" Wafiwa nao, hata ungewapa mbuzi kwenye fremu wangesema hivyo hivyo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini baba yake mzazi alikuwa na kovu la sindano.

Aliye hai alimbandika mmoja tu: binti yake wa miaka saba, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku. Ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mkewe alipoitundika sebuleni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mbona mtoto ananiangalia kama mtu mzima?"

"Ndiyo sanaa hiyo, Mama Chiriku. Huwezi kuelewa."

Jumanne moja, mchana kweupe, yule mama wa vitambaa aliingia ofisini bila hodi. Alikuwa ametoka kutoa pole kwenye nyumba ya jirani, akamkuta ukutani mzee asiyemjua, ana macho ya dada yake. Akaingia nyumba ya pili. Ya tatu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Kaka, dada yangu nilimfumba macho mimi. Kwa vidole hivi. Wewe umemfumbua mara ngapi?"

"Dada, hiyo ni kompyuta tu..." Akajing'ata ulimi. "Yaani, mkono wangu umezoea."

"Mara ngapi?"

"Kama thelathini na tisa."

"Atalalaje mtu aliyekesheshwa kwenye kuta thelathini na tisa?" Akamsogelea. "Pita nyumba kwa nyumba, waambie ukweli, uniletee picha zote, uso chini. Yuko aliye hai uliyembandika?"

Nyuma ya ukuta Chiriku alikuwa anaimba.

"Hayupo," Kalamu akasema.

"Kama yupo, mtoe huyo kwanza. Dada akifumbwa kabla hujamtoa, atafumbwa naye."

"Nimesema hayupo."

Mama yule aliutazama ukuta ule muda mrefu, wimbo ukiendelea. Kisha akaondoka.

Hebu fikiria, mzazi mwenye akili angefanya nini? Kalamu alifikiria kibao chake. Apite kwa watu thelathini na tisa akiri kwamba hajui kushika kalamu? Thubutu! Akaketi, akafungua faili la MACHO, akachora kope mbili zilizoshuka. Mistari miwili iliyopinda. Ndiyo macho ya kwanza aliyoyachora kwa mkono wake tangu afungue ofisi, na yenyewe yalikuwa mabaya. Akabofya hifadhi. Kwenye kompyuta, nyuso thelathini na tisa zikafumba kwa pamoja.

Ilikuwa saa nane mchana. Jua limejaa chumbani.

"Baba." Wimbo ulikuwa umekatika. "Umezima taa?"

"Taa gani mchana huu?"

"Washa, Baba. Sioni rangi zangu."

Akaenda sebuleni. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, jua limempiga usoni, macho yamemtoka. Akampungia mkono. Mtoto hakupepesa. Kalamu akainua kichwa kutazama picha ukutani, ile iliyochapwa miezi mitatu nyuma na kufunikwa kioo.

Ilikuwa imefumba.

Alikimbia kwenye kompyuta, akarudisha nyuma alichofanya. Kwenye kompyuta macho yakafunguka yote. Ukutani hayakufunguka. Mtoto naye alikuwa anapapasa hewa, anamwita mama yake.

Madaktari watatu walisema macho ni mazima. Mkewe alipoambiwa ukweli hakulia kwanza. Alimtazama juu mpaka chini. "Mwanaume mzima," akasema, "umeiba macho ya maiti kwa uvivu wa kuchora duara mbili."

Hapo ndipo alipopita nyumba kwa nyumba. Wengine walicheka. Wengine walitema mate. Bibi mmoja alimfukuza na kandambili mpaka barabarani, na mkono wa bibi haukuchoka. Kila nyumba picha ilikuwa imefumba macho, na wenye nyumba walikuwa hawajagundua. Alikusanya thelathini na nane, pamoja na ya mwanawe, akampelekea yule mama uso chini. Mama akazihesabu mara mbili.

"Moja iko wapi?"

Moja ilichukuliwa na mpita njia aliyetaka picha ya mama yake. Hakuacha jina. Hakuacha simu. Kalamu hakuuliza, alikuwa na haraka ya kurudi kulala.

Siku ya tisa tangu apofuke, kwenye chai ya asubuhi, Chiriku aliweka kikombe chini.

"Baba, nyumba gani ina pazia la kijani?"

Wazazi wote wawili wakaacha kutafuna.

"Unaona?" mama akanong'ona.

"Naona pazia. Na kiti. Kuna mtu amekaa."

"Anafanya nini?"

"Ananiangalia."

Kalamu akaikumbuka ile picha iliyopotea, akapiga magoti. "Tazama dirishani, mwanangu. Nje kuna nini? Duka? Kibao? Geuka kidogo tu."

"Siwezi kugeuka, Baba. Niko ukutani."

Kila asubuhi walimuuliza. Kila asubuhi kiti kilikuwa kimesogea. Mtu yule hakuwahi kutoka. Hakuwahi kula. Ijumaa, kiti kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa," mtoto akanong'ona. "Karibu sana. Ananifuta."

Mama akamshika mwanawe usoni. Toka paji mpaka kidevu, ngozi ilikuwa na michirizi ya maji, imenyooka, na inanuka siki, kama ile ya kufutia vioo. Hawakuwa na siki nyumbani. Katikati ya shavu palikuwa na doa jeupe la mviringo, kama kioo kilichopuliziwa pumzi kwa karibu. Mama akalifuta kwa kiganja.

Likarudi.