Pikipiki Sebuleni

"Mama haumwi kichwa Jumatatu!" mke wa Mwalimu alikuwa akisema, amesimama mlangoni na beseni la nguo zilizopigwa pasi. "Haumwi Jumanne wala Jumatano. Anaumwa Jumamosi na Jumapili, ukiwasha hilo dude lako na moshi wake. Hesabu ndogo hivyo imekushinda?"

"Mimi nafundisha jiografia," alijibu Mwalimu bila kuinua uso kutoka kwenye injini.

"Basi nitafutie kwenye ramani yako mahali watu wanapolaza pikipiki sebuleni."

"Mama ana presha, daktari alishasema. Na huo moshi uko wapi? Hebu nionyeshe! Pikipiki mpya haitoi moshi."

"Napeleka nguo za watu. Nikirudi nikute mlango wazi na mashine imezimwa." Akaondoka, kandambili zikimpiga visigino.

Ndugu zangu, nyumba hii haikuwa ya kelele. Ilikuwa na sebule na vyumba viwili, mke anapiga pasi nguo za majirani, mume anasahihisha madaftari. Mama mzazi wa Mwalimu, aliyevunjika nyonga, alilala chumba cha kwanza, na kati yake na sebule palikuwa na pazia tu. Hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono. Jioni walikaa watatu, wakateta, wakacheka, wakalala.

Kwa miaka mingi Mwalimu alikuwa amechora ubaoni mito na mabonde ambayo hakuwahi kuyaona. Siku moja akachoka kuchora. Akanunua pikipiki ya safari ndefu, yenye tangi kubwa, kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo pande zote mbili. Likizo ikifika, alisema, atakwenda kuyaona yote kwa macho yake. Mkewe alikubali. Hata mimi ningekubali. Mtu kutaka kuona dunia si kosa.

Ila tangu pikipiki ilipoingia ndani kwa kuogopa wezi, Mwalimu hakutulia tena. Akikaa, anasimama. Akisimama, anaizunguka. Darasani mguu wake ulitikisika chini ya meza kama wa mtu anayepiga gia. Aliona injini haina nguvu ya kutosha, ingawa alikuwa hajaipandisha hata kilima kimoja. Akaenda kwa fundi.

"Mwalimu, injini hii bado changa," fundi alimwambia. "Iache izoee barabara, itakwambia yenyewe inataka nini."

"Nitapandaje milima na injini ya kubembelezwa?"

Akabadilisha ekzosi, lile bomba la kutolea moshi. Ekzosi ikadai chujio jingine la hewa. Chujio likadai kabureta nyingine, ya kuchanganya mafuta na hewa. Kila kifaa kilikuja na mwenzake nyuma yake, na likizo ikaja ikapita, pikipiki imekaa sebuleni tumbo wazi. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka dukani mpaka kwenye zulia. Majirani wakaanza kumtania kwamba ameoa mke wa pili, tena wa magurudumu.

Mara ya mwisho fundi alimwonya waziwazi. "Nimekufungulia mafuta kama ulivyotaka, lakini yamezidi. Ikiunguza hivi, inatoa sumu, hata kama moshi huuoni. Ukitaka kuirekebisha, irekebishe nje."

Mwalimu alisikia vizuri sana. Tatizo ni kwamba nje kulikuwa na jirani mwenye mtoto mchanga, na ekzosi mpya ilikuwa imeshamtoa ndani mara mbili na mwiko mkononi. "Mwalimu! Mwanangu ndiyo kwanza kafumba macho!" Basi Mwalimu akatafuta njia ya kuwa muungwana. Siku akitaka kusikiliza injini, anafunga madirisha, anafunga mlango, halafu anasokomeza blanketi chini ya mlango ili sauti isitoke. Unanisikia wewe unayesoma? Alijali usingizi wa mtoto wa jirani, akamsahau mama yake nyuma ya pazia.

Jumamosi ile, beseni la mkewe halijafika kona, mlango ulikuwa umeshafungwa na blanketi liko mahali pake. Akawasha. Injini ikanguruma, vikombe vikatetemeka kabatini. Akazungusha skrubu ya kabureta kidogo, akategea sikio. Bado. Akaizungusha tena.

"Mwanangu," mama akaita nyuma ya pazia. "Kichwa kile tena."

"Nakuja, mama. Dakika moja."

"Dakika yako naijua. Ilianza mwezi uliopita."

Mwalimu akacheka, akaendelea. Sauti ilikuwa karibu kupatikana, aliihisi vidoleni. Mama akaita mara ya pili, kwa sauti ndogo. Mara ya tatu ilikuwa kama mtu anayeongea usingizini. Kisha akanyamaza, na Mwalimu akafurahi kwamba amelala.

Kichwa chake mwenyewe kikaanza kugonga. Akadhani ni njaa. Bisibisi ikamponyoka, akainama kuiokota, na magoti yakakataa kumnyanyua. Aliangalia vidole vyake vikipapasa zulia kama vya mtu mwingine. Hapo ndipo akili ilipomrudia: mama hajaita tena. Alitaka kuzima injini, mkono haukufika kwenye ufunguo. Akatambaa kuelekea mlangoni. Akavuta blanketi, blanketi halikutoka. Alikuwa amelisokomeza vizuri, kwa nguvu zake zote.

Mkewe alikuwa amesikia mngurumo akiwa njiani kurudi. Aliuona mlango umefungwa, akasukuma, ukagoma. "Jirani! Njoo!" Wakausukuma kwa mabega, wanawake wawili, mmoja na mtoto mgongoni, mpaka ukaachia. Mke alimruka mumewe kama gunia, akapita pazia, akamkuta mkwewe hajibu. Akashika shuka aliyolalia na kumburuta nayo mpaka uani. Jirani akazima injini, akafungua madirisha, kisha akamvuta Mwalimu nje kwa kola ya shati.

Hospitali walimwekea mama hewa ya oksijeni. Daktari alimwuliza Mwalimu nyumbani wanachoma nini. Alipojibiwa, aliandika kwenye faili. "Mngechelewa kidogo tu," akasema, "nisingekuwa na mtu wa kumtibu."

Siku ya tatu mchana mama alikuwa ameketi, mto mgongoni. Mwalimu alikuwa kwenye kiti pembeni.

"Nilikuita mara tatu," mama alisema.

"Nilidhani umelala, mama."

"Nilikuwa nakufa. Wewe uliona ni kitu kimoja." Akapumua. "Wananiruhusu kesho. Nitakwenda kwa mdogo wangu. Nyumbani kwako sirudi."

"Nitaitoa ndani, mama. Nitaijengea banda."

Mkewe, aliyekuwa akikunja shuka, alimtazama. "Na banda nalo utalifunga mlango, ukae humo na skrubu. Mama atakuita tena, utamwambia dakika moja."

Mguu wa Mwalimu ulikuwa unatikisika chini ya kiti. Aliuona, akaushika kwa mikono miwili, haukutulia. Akainuka.

"Nisubirini," akasema.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani. Hakukaa, hakunywa maji. Aliitoa pikipiki sebuleni, na alipofika barabarani mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Akauchomoa, akautia mfukoni, akasukuma. Ilikuwa nzito, na jua lilikuwa kali. Alisukuma mtaa mzima, watu wakiuliza kama mafuta yamekwisha, mpaka kwa fundi.

"Uza," akasema. "Pamoja na vifaa vyake vyote."

"Mwalimu, hata kilima kimoja hujapanda!"

"Uza. Leo hii."

Akaweka ufunguo kwenye kiganja cha fundi, akageuka, akarudi hospitali kwa miguu kumwambia mama kwamba sebule iko tupu.

Funzo Tunalolipata

Msiwashe injini ndani ya nyumba, hata kwa dakika moja, hata kama ni mpya. Sumu inayoua kwenye moshi haina rangi wala harufu, na mgonjwa asiyeweza kuinuka ndiye wa kwanza kuipata. Mtu wa nyumbani akiumwa siku zilezile kila wiki, tazameni kinachofanyika siku hizo kabla hamjasingizia presha na uzee.

La pili linawahusu hata wasio na pikipiki. Kununua kitu unachokipenda si dhambi. Lakini kitu hicho kikikufanya umwambie mama yako asubiri, kitoe nyumbani siku hiyohiyo, wakati bado yupo wa kukuita.