Mgonjwa Aliyenenepa Mwaka wa Njaa

Daimu aliipiga kofi mizani ya hospitali, akaitazama upya. Haikubadilisha neno. Biasha, mjane aliyeletwa kutoka upande wa Namasakata, alikuwa ameongezeka uzito tena, na si kidogo. Mikono ilikuwa imejaa, shingo imeanza kuweka mikunjo, na ile kaniki aliyopewa alipofika sasa ilikuwa inamkaba.

Jambo la heri, utasema. Lakini huo ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Maji Maji. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma maghala na mashamba, na kuanzia Songea hadi Tunduru watu walikuwa wanachimba mizizi porini na kuichemsha mara nyingi ili isiwaue. Katika banda la wagonjwa kila aliyepanda mizani alishuka akiwa mwepesi kuliko jana. Isipokuwa Biasha, na Biasha hakuwa akila. Uji wake alikuwa anampa jirani yake, bakuli zima, akisema yeye ameshiba.

Daimu akavuta pumzi. Chini ya harufu kali ya dawa ya kuoshea sakafu palikuwa na harufu nyingine, nzito na tamu. Wali wa nazi, tena wenye iliki. Mate yakamjaa mdomoni kabla hajapata nafasi ya kujiuliza nazi imefikaje Songea.

Angejiuliza zaidi, lakini alisikia viatu vya Remigi barazani, na Daimu akimsikia Remigi hakuwa na akili ya jambo lingine.

Hao wawili walikuwa wanafunzi wa Bwana Otto, daktari wa Kijerumani wa pale bomani, ambaye alikuwa amejitolea kuwafundisha udaktari. Daimu alikuwa Myao, mtoto wa mfanyabiashara wa Tunduru. Remigi alikuwa Mngoni aliyelelewa misheni, na Kijerumani alikisema kama aliyekinyonya. Bwana Otto alikuwa amewaahidi hivi: kila mmoja achague mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa wa ajabu, amchunguze, aandike habari zake kwa ukamilifu. Habari itakayokuwa bora itapelekwa Ulaya ikachapishwe katika gazeti la madaktari, na mwandishi wake atapelekwa Dar es Salaam kuendelea na masomo. Nafasi ilikuwa moja tu.

Daimu alimwonea wivu Remigi mpaka namna alivyokunja mikono ya shati. Alimwonea wivu kwa mwandiko wake, kwa kicheko chake, kwa jinsi Bwana Otto alivyomwita bila kupaza sauti. Na kwa kuwa wanafunzi hao waliwahi kushikana mashati kwa ajili ya mgonjwa mmoja mwenye tezi, Bwana Otto alikuwa amewawekea utaratibu. Kila mmoja alipewa uzi wa kushonea vidonda uliotiwa rangi, Daimu buluu, Remigi mwekundu. Anayewahi kumfunga mgonjwa uzi wake kwenye kifundo cha mkono ndiye mwenye mgonjwa, na mwenzake haruhusiwi hata kumpima homa.

Viatu vilikuwa vimefika mlangoni. Daimu akauvuta mkono wa Biasha, akazungusha uzi wa buluu, akafunga fundo mara mbili.

"Huyu ni wangu," alisema kwa sauti, ili mlango mzima usikie.

Remigi akasimama, akaitazama mizani, akamtazama Biasha, akaelewa alichokikosa. "Umeniwahi, ndugu yangu," alisema, akaenda zake. Daimu alijisikia vizuri mpaka kwenye visigino.

"Kaka, fungua," Biasha alinong'ona. "Ungeomba kwanza."

"Nimwombe nani?"

"Mume wangu."

"Dada Biasha, si ulituambia mumeo hakurudi vitani?"

"Simsemi huyo," alijibu, akageuka kutazama ukuta.

Daimu alicheka. Alikuwa amekulia kwa watu wanaojua vizuri mambo ya wanawake walioolewa na majini, na angetakiwa ajue kwamba mwanamke wa namna hiyo hafungwi kitu mwilini na mwanamume mwingine, hata hirizi, mpaka aliye kichwani mwake aulizwe na ajibu. Alijua. Ila wivu ulikuwa umemkalia masikioni. Akaanza kazi. Alimpima Biasha kiuno, akampima mikono, akampima mapaja huku mwanamke amejifunika uso kwa kaniki, akaandika yote. Alimtoa damu, akaiweka chini ya darubini, hakuona mdudu wala dalili. Alifurahi mno, kwani ugonjwa usio na jina ndio hasa madaktari wa Ulaya wangeupenda.

Mchana ule aliketi kula ugali wake wa mtama, posho ya wanafunzi. Tonge la kwanza lilikuwa na ladha ya majivu. La pili vilevile. Alilitema, akamwomba mpishi auonje, na mpishi akaula wote mbele yake akasema hauna tatizo. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Maji tu ndiyo yalipita. Suruali ikaanza kumshuka, na kila alipopita karibu na kitanda cha Biasha ile harufu ya wali ilimpiga usoni mpaka tumbo likanguruma kwa aibu.

Kisha zikaja sauti. Kitanda cha Biasha kilikuwa nyuma ya pazia la kitambaa cha marekani, na mchana kweupe, wagonjwa wengine wakiwa wanaota jua nje, Daimu alisikia mtu akitafuna. Alikuwa anatafuna bila haraka, kama mtu aliye kwake. Halafu akasikia sauti ya kiume, ya chini, ikisema, "Ongeza kidogo, mke wangu." Daimu akavuta pazia. Biasha alikuwa amelala usingizi, mdomo umefumba, mikono kifuani, na uzi wa buluu umezama katika nyama ya kifundo cha mkono.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa anarudisha vyombo kabatini, akahisi mtu amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuhisi joto la pumzi kwenye kisogo, na hakugeuka kwa sababu pumzi ile ilikuwa inanukia iliki, na alipojaribu kuita jina la Mungu ulimi ulikuwa mkavu umeshikamana na kaakaa, na mkono asiouona ukamshika kiuno, ukamzunguka taratibu kutoka mbele hadi nyuma, ukakaza, ukalegea, ukashuka pajani ukafanya vivyo hivyo, na ndipo alipoelewa, mkojo ukimtoka, kwamba alikuwa anapimwa.

Alikimbia moja kwa moja hadi kwa Bi Subira, mke wa askari mmoja wa Kimanyema, fundi wa pepo aliyeheshimiwa na wake wote wa askari.

"Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba. Ingia, mwanangu. Mbona umebaki mifupa? Umechukua mke wa nani?"

Alimweleza. Bi Subira alisikiliza mpaka mwisho, akasonya. "Nyinyi mliosoma! Umemfunga uzi, umesema ni wako, mbele ya shahidi. Unadhani ndoa ni nini zaidi ya hapo?"

Asubuhi yake, Bwana Otto akiwa ameitwa Mpitimbi kuangalia ndui, Bi Subira aliingia bandani na chetezo cha ubani na wanawake wenziwe wa kuimba. Walimketisha Biasha kwenye mkeka. Wakaimba polepole, kisha kwa nguvu. Biasha akaanza kutikisa kichwa, mabega yakapanda, na alipofungua mdomo ilitoka sauti ile ya nyuma ya pazia.

"Nani amemtia mke wangu uzi?"

"Ni mtoto, bwana," Bi Subira alisema. "Hakujua. Tunakuomba radhi."

"Si mtoto. Amempima mapaja. Anataka mwili wa mke wangu usomwe na wanaume wa ng'ambo asiowajua! Njaa imegonga kila mlango, mimi huyu sijamlaza na njaa hata mara moja. Yeye amempa nini?"

Daimu alikuwa chini, paji la uso sakafuni. "Nisamehe, bwana."

"Mfungue kwa mkono wako. Sema mbele ya hawa kwamba si wako. Na hizo karatasi uzichome. Atakayesema tena ni wake, huyo ndiye nitakayemla, hata akiwa mbali namna gani."

Daimu alikata uzi kwa mkasi. Alisema si wangu, si wangu, mpaka Bi Subira akamwambia inatosha. Akazichoma karatasi kwenye chetezo. Mchana alikula ugali ukawa ugali, akalia machozi juu ya sahani.

Hapo angenyamaza, tungekuwa tumemaliza na kila mtu angekwenda kwake. Lakini Bwana Otto alirudi, na Daimu akasikia kupitia dirishani akimsifu Remigi. Remigi alikuwa ameandika habari za mzee mmoja aliyeingiwa na funza mpaka vidole vikakatika. Funza! Songea nani hana funza? Yeye Daimu alikuwa na mwanamke anayenenepa bila kula katikati ya njaa, na atanyamaza, halafu Remigi apande meli? Usiku mzima alijigaragaza. Alijiambia uzi umeshakatwa. Alijiambia karatasi zilizochomwa ni zile, hizi zitakuwa nyingine. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwake. Aliandika upya, akatia jina lake chini, akamkabidhi Bwana Otto kabla tarishi wa Kilwa hajaondoka.

Akasubiri kuadhibiwa. Hakuna kilichotokea. Chakula kilikuwa kitamu, mwili ukarudi. Biasha alipata nafuu ya aina yake, akapewa kazi ya kufagia pale pale hospitalini, na alipomsalimia Daimu alimsalimia kwa wema. Masika yakapita, mtama mpya ukaiva, njaa ikalegea. Aliyekuwa anapungua ni Bwana Otto. Kwanza mashavu, kisha mabega. Alijipa dawa za kuhara, akajipa kwinini, akafunga mkanda kwa kamba. Mpishi wake alikuwa analalamika kwamba Bwana anatema kila kitu. Daimu alisikia, lakini hakuelewa kwa nini awe yule mzungu, na kusema kweli hakutaka kuelewa.

Kisha gazeti likafika. Bwana Otto aliwaita barazani, amekaa kwenye kiti cha uvivu, ngozi imebaki kama ya mtu aliyezikwa akasahauliwa. Akampa Remigi alisome kwa sauti na kulifasiri. Habari ya mzee wa funza ilikuwepo, na chini yake jina: Remigi, mwanafunzi, Songea. Remigi alishindwa kuendelea kwa furaha. Akafungua ukurasa wa pili.

"Na hii hapa ni ya mwanamke wa njaa," alisema. Akasoma kimya, kisha akamtazama mwenzake kwa huruma. "Ndugu yangu. Hapa wameandika ni ya Bwana Otto."

"Mgonjwa wangu," alisema Bwana Otto kwa Kiswahili chake, akitabasamu kwa meno. "Mgonjwa wangu mzuri kuliko wote. Nimewaambia hata maofisa mezani."

Daimu aliitazama midomo ile iliyokauka. Aliisikia iliki, nzito, ikielea juu ya kile kiti. Akaelewa kila kitu kwa mara moja: nani alikuwa akiliwa, na kwa nini yeye alikuwa salama. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Remigi alikuwa ameshika gazeti lenye jina lake, kidole kimewekwa juu ya jina hilo, anatabasamu bila kujitambua. Hilo ndilo Daimu alishindwa kulivumilia.

"Uongo!" alipiga kelele. "Nilimwona mimi! Nilimpima mimi, niliandika mimi, kila neno. Yule mwanamke ni wangu mimi, si wako!"

Bwana Otto akajishika tumbo, akashangaa, akamwita mpishi amletee mayai, mengi, upesi, kwani ghafla alikuwa na njaa nzuri. Remigi alikuwa ananusa hewa huku na huku.

Kwenye ngazi za baraza Biasha alikuwa ameacha kufagia. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Kaka Daimu," alisema kwa sauti yake mwenyewe, "mbona umesema? Mume wangu alikuwa ameshaamini si wewe."