Toka Hapo, Mpenzi

Walikutana getini asubuhi, mafundi wakigombania kofia ngumu za kazini. Dada mmoja alishika moja ya njano. Nyapara mpya naye akaishika.

"Dada, hii yangu."

"Imeandikwa jina lako?"

"Haijaandikwa. Ila nikikuachia, utanipa namba yako?"

Dada akacheka, akampa namba. Kofia akaondoka nayo yeye.

Dada huyo ndiye aliyeendesha kreni ya jengo lile, na kwa kuwa aliona kila kitu toka juu, wenzake walimwita Kipanga. Haukupita muda simu za jioni zikanoga. "Umekula, mpenzi?" "Nile vipi na wewe hupo?"

Lakini kazini nyapara alikuwa moto. Siku moja Kipanga alimwambia kwenye simu ya upepo kwamba mzigo umefungwa vibaya. Akajibu, jengo zima likisikia: "Kazi yako kuinua, si kunifundisha! Fyata mdomo!" Watu wakaangua kicheko. Jioni nyapara akapiga simu, Kipanga hakupokea.

Kesho yake Kipanga aliinua vyuma kimya kimya. Mzigo ulipofika juu, akaona mkanda uliofunga vyuma unachomoka. Chini yake alisimama nyapara, amevaa shati la buluu ambalo Kipanga mwenyewe alimnunulia. Kipanga akasimamisha kreni. Kidole kikagusa kitufe cha kusemea, kikarudi. Akitukanwa tena? Wakimcheka tena? Mkanda ukachomoka zaidi.

"Toka hapo! Mpenzi, toka!"

Nyapara alizoea kubisha. Ila sauti ile ilikuwa na kilio, akaruka. Vyuma vikashuka kwa kishindo, vumbi likafunika kila kitu.

"Uko wapi?" Kipanga akaita. "Jamani, uko wapi?"

"Nipo." Nyapara alijibu kwenye simu ya upepo. "Nipo, mpenzi. Na nyote mnaonisikia, jana nilimtukana mwenzangu mbele yenu. Nimekosa. Namwomba radhi mbele yenu vilevile."

Hakuna aliyecheka.

"Kesho nikisema simama?" Kipanga aliuliza.

"Nitasimama."

"Na usipoona sababu?"

"Nitasimama kwanza, nikuulize baadaye. Nikuulize kwa adabu." Akatazama juu kwenye kreni. "Na nikikuomba nikuoe?"

Kipanga alifuta machozi. "Jumapili njoo nyumbani uongee na baba. Ila usije ukamwambia afyate mdomo."

Kicheko kikalipuka kila upande, safari hii si cha kumcheka yeye. Kipanga akashuka ngazi polepole, na chini alimkuta nyapara anamngoja, mkono ameunyoosha ampokee.