Jina Ambalo Philippe Alishindwa Kuita

"Yaya, kuna muntu anatufuata," Hortense alisema, tope limemfika magotini.

"Hakuna muntu. Tembea," alijibu Georgette, dada mkubwa wa marehemu mume wake, bila kugeuka.

Lakini tangu waache nyumba za mtaa wa Kikula, Hortense alikuwa akisikia nyayo nyuma yake, zenye mwendo ule ule wa Germain, mume wake. Jamani, mume akifa haondoki hivi hivi! Germain alikwenda na majeshi ya Katanga kupigana na Onu, askari wa Umoja wa Mataifa, na aliyerudi mjini Jadotville ni rafiki yake Philippe peke yake, na habari ya kifo. Hortense alilia mpaka sauti ikakauka. Philippe akamletea unga, akambembeleza, na mapenzi hayana adabu, yakaota. Sasa wanataka kuoana. Ila kwa ukoo wa Germain, mjane haolewi mpaka mume amwachilie. Anapelekwa kizibani, kwenye dimbwi la mlimani wanakokaa mizimu, anaoshwa, na aliyeona maiti anaita jina la marehemu.

Wakapanda, wakateleza, wakashika majani wasianguke. Philippe alikuwa mbele.

"Philippe, weye husikii nyayo?"

"Ni mvua, Hortense." Akaongeza mwendo.

Kiziba kilikuwa cheusi, kimefunikwa na ukungu. Georgette alimpaka Hortense udongo mweupe usoni, akamwingiza majini mpaka kiunoni.

"Philippe, weye ndiye uliona maiti. Sema: Germain, acha bibi yako aende."

"Ger..."

"Ita, baba! Baridi itamuua huyu."

"Siwezi, yaya."

"Ju ya nini?"

"Hapa haitwi muntu muzima. Ukimwita, unamuzika."

Georgette alishika kichwa. "Mama yee! Germain iko muzima?"

"Nilimuacha muzima, na risasi kwa muguu. Aliniita, miye nikakimbia. Kisha nikasikia iko kwa lopitali moja ya Élisabethville. Nikanyamaza. Hortense, nilianza kukupenda mbele yake!"

"Na misa tuliyomuombea?" Hortense alipiga kelele. "Ulipiga magoti karibu yangu, Philippe! Ukajibu amina!"

"Nisamehe."

"Mbele ya padri ulidanganya. Hapa umesema kweli ju unaogopa maji, haiko ju ya kunipenda."

Akatoka majini akitetemeka. Philippe akamnyooshea mkono, Hortense akaupita. Moyo ulimuuma, maana alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

"Tunaenda Élisabethville, yaya."

"Na njia zimejaa basoda wenye bunduki? Na tukifika tumukute amekufa kweli?"

"Basi nitamulilia yeye," Hortense alisema, akijifuta ule udongo. "Mpaka leo nililia maneno ya Philippe."