Aliyeshika Kamba Chini

Jiwe lilikuwa na joto lisiloelezeka. Jua lilishazama nyuma ya mlima na upepo ulishaanza kuuma masikio, lakini Fundi alipoweka kiganja aliona kama anagusa sufuria iliyotoka kuepuliwa. Akapuuza. Mtu anayechomelea vyuma kutwa nzima hana viganja vya kuviamini.

"Leo tungelala, kaka," alisema rafiki yake Muuguzi, akipiga miayo. Alikuwa ameunganisha zamu ya usiku na ya mchana, macho yamemvimba.

"Nipande mara moja tu, Daktari. Nikishuka tunaondoka."

"Daktari! Kwa macho haya?"

Wote wawili walikuwa hoi, ila Fundi ni mbishi, na mwamba huu ndio mahali pekee ambapo hakuna wa kumtuma.

Kamba ilifungwa kiunoni mwake, ikapita kwenye pete ya chuma kule juu, ikarudi mikononi mwa Muuguzi chini. Anayepanda haangalii chini, anaita "Kamba!", mwenzake anajibu "Ninayo!", basi, anaendelea.

"Kamba!"

"Ninayo..." Muuguzi aliburuta sauti.

Alipofika katikati aliita tena. Jibu likaja upesi, la uchangamfu, kwa sauti ileile ya Muuguzi, lakini ya mtu aliyeshiba usingizi. Afadhali amechangamka, Fundi alijisemea. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikampanda puani.

Juu kabisa alishika pete, akageuka. Muuguzi alikuwa amelala chali kando ya mabegi, mdomo wazi, mikono kifuani, taa ya kichwani ikimulika matawi bure. Hakuwa na kamba. Na kamba ilikuwa imekaza.

Fundi aliifuata kwa macho kutoka kwenye pete, ikashuka na ukuta, ikampita Muuguzi, ikaingia kwenye ufa mweusi ambao hata paka asingepenya, na humo ndani kitu kilikuwa kinaivuta, kinailegeza, kinaivuta tena taratibu, kama mama anayebembeleza mtoto huku mawazo yake yako kwingine.

"Daktari," alinong'ona. "Amka, ndugu yangu."

"Ninayo," ufa ulijibu kwa upole.

Fundi alijibana ukutani. Angeweza kufungua fundo ashuke kwa mikono, lakini vidole vilikataa kukunjika, mabega yalikuwa yanawaka, na tangu asubuhi hakuwa ameketi. Alijua kabisa hapaswi. Alichoka tu.

"Nishushe," alisema.

Kikamshusha. Muuguzi humshusha kwa kishindo kama gunia. Hiki kilimshusha vizuri mno, akasinzia hewani, akaona aibu kwa jinsi alivyoufurahia usingizi ule.

Miguu ilipogusa chini alilifungua fundo kwa meno. Kamba yote ikaingia ufani. Akamtikisa Muuguzi.

"Nimelala? Nisamehe, kaka! Nani amekushusha?"

"Twende nyumbani. Usiulize."

Hawakufika mbali. Njiani Fundi alihisi kiuno kinavutwa nyuma. Akajipapasa: hapakuwa na kitu. Akainama mbele kama anayesukuma mkokoteni, na bado hakusogea.

"Mbona umesimama?"

"Tangulia. Napumzika kidogo."

Muuguzi alimmulika usoni, akaona kope zinashuka, akaelewa kwamba hili si la kuuliza. Akamkamata mikono yote miwili na kuvuta, visigino vikichimba kokoto, akilia bila kujificha, maana ni yeye aliyelala, na mke wa Fundi amezoea kuwapokea wote wawili mlangoni kwa utani, na sasa angemwambia nini?

"Usifumbe macho, Fundi! Niangalie mimi!"

"Umechoka sana, kaka," Fundi alisema taratibu. "Kalale."

Vidole vya Muuguzi, vilivyochoshwa na zamu mbili, vikafunguka kimoja kimoja. Fundi akaanza kurudi mlimani kinyumenyume, kiuno kikitangulia na miguu ikifuata, uso wake bado umemwelekea rafiki yake, macho yamefumbwa, anakoroma.