Milango Ndani ya Daftari la Maharagwe

Kila siku Jemima alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua soksi zilizojaa vumbi la mtaa wa Ngezi, alijua kinachomngoja nyumbani. Juu ya meza, kando ya chupa ya chai, palikuwa na madaftari mawili. Lenye jalada la kijani lilikuwa la mama yake, Arlette, aliyeuza maharagwe sokoni. Jekundu lilikuwa la baba yake, Sébastien, aliyechomelea milango na madirisha ya chuma katika karakana yake kando ya barabara.

Jemima alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote nyumbani. Mwandiko mzuri, kama ajuavyo kila mtoto aliyewahi kusifiwa, ni mzigo. Baba alirudi jioni mikono ikitetemeka kwa kushika chuma mchana kutwa. Mama alirudi macho mekundu kwa vumbi la magunia. Nani mwingine angeandika? Basi Jemima aliandika: leo mlango mmoja, leo magunia mawili.

Nyumba yao ilikuwa na desturi yake. Kazi ya baba ilikuwa ya baba, na ya mama ilikuwa ya mama. Baba alilipa pango na karo ya shule, mama akaleta chakula na nguo, na hakuna aliyechungulia daftari la mwenzake. Kuhusu fedha, mama alipenda kusema, "Makuta ya bwana na ya bibi haikalake mu mufuko moja. Ikikaa pamoja, itapigana." Waliheshimiana hivyo kwa miaka mingi, na hawakuwahi kugombana juu ya fedha. Ila pia hawakuwahi kuzungumza juu yake.

Mwaka huo tena ilitoka habari kwamba kila mwenye biashara ndogo apeleke hesabu ya mauzo yake katika ofisi ya kodi. Kulikuwa na kikomo. Ambaye mauzo yake hayakukifikia angelipa kodi ndogo, na ambaye amekivuka angelipa kubwa zaidi. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Habari hiyo iliwakuta watu wote wamekwisha kuchoka. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya Marabo, malori ya maharagwe yalikwama siku mbili mbili, na jenereta ya baba ilikunywa mafuta kama mgonjwa wa homa anavyokunywa maji.

Siku ya Jumatatu baba alijumlisha mauzo yake, akajumlisha tena. Mama alikuwa bado sokoni. Baba akamwita Jemima.

"Jemima, hii mwaka nimepita mustari," alisema. "Ile milango tatu ya hoteli, iondoe kwangu. Andika mu daftari ya mama yako."

"Mais Papa, Mama anauzishaka maharagi tu."

"Nani atasoma mustari kwa mustari? Yeye iko na nafasi mu daftari yake. Na usimuambie, iko nachoka sana ule mama."

Jemima alitaka kuuliza swali lingine, lakini baba alikuwa amefumba macho na kuegemea ukuta. Akaandika. Milango mitatu ya chuma ikaingia kati ya magunia ya maharagwe.

Siku ya Jumanne ilikuwa zamu ya mama. Aliingia na mzigo kichwani, akautua, na kabla ya kunywa maji akasema, "Jemima, mama yangu, kuya hapa. Ku soko banasema mwenye kupita mustari atalipa mingi. Ile magunia kumi ya mwisho, itie mu daftari ya papa yako. Yeye na milango yake hawezi kupita."

Jemima akauliza, "Papa anajua?"

"Usimuambie. Unaona vile mikono yake inatetemeka? Tusimuongezee mawazo."

Kwa hiyo magunia kumi yakahamia kwa fundi wa chuma. Mama alipokwenda kupika, Jemima alipiga hesabu zote mbili. Alichokitoa baba, mama alikuwa amekirudisha, na alichokitoa mama, baba alikuwa ameshakirudisha. Madaftari yote mawili yalikuwa yamevuka kikomo kama mwanzo, ila sasa yalikuwa yamevuka kwa uongo. Ni kama watu wawili wanaovutana blanketi moja, kila mmoja akidhani mwenzake amelala. Jemima alicheka kidogo peke yake. Kisha akaona hakuna cha kuchekesha.

Kilichomtisha ni jambo lililojulikana mtaa mzima. Mwaka uliopita, Dany, jirani yao muuza viatu, alipeleka karatasi za uongo. Ukweli ulipojulikana alitozwa faini, na mlango wa duka lake ukafungwa kwa muhuri hadi alipoimaliza. Aliuza friji, akauza na viti. Ikiwa karakana ya baba ingefungwa hivyo, jenereta ndiyo ingeuzwa kwanza, na bila jenereta hakuna mlango, hakuna karo. Naye Jemima ndiye aliyeandika. Mwandiko ulikuwa wake.

Angeweza kusema. Lakini baba alikuwa amemkataza kumwambia mama, na mama amemkataza kumwambia baba, na wote wawili walikuwa wamechoka mno. Jumatano alisinzia darasani mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Alhamisi alikataa chakula. Mama akamgusa paji la uso na kusema labda ni malaria. Si malaria, Jemima alijisemea moyoni, ni nyinyi. Akaona aibu kwa kuwaza hivyo.

Ijumaa asubuhi mama aliondoka mapema na daftari lake la kijani ndani ya kikapu. Aliaga kwamba anakwenda kungoja lori la Marabo. Baba naye alisema anakwenda kununua baguettes, zile fimbo za kuchomelea. Lakini saa saba mchana alikuwa amesimama kwenye mlango wa shule, amevaa shati safi, daftari jekundu kwapani.

"Tuende wote," alimwambia Jemima. "Bakiniuliza, weye utasoma. Mi macho inachoka."

Ofisi ilikuwa imejaa watu. Foleni ilianzia dirishani, ikapita uani, ikaishia kwenye benchi refu chini ya ukuta. Na juu ya benchi hilo, akiwa amekumbatia kikapu chake, alikuwa ameketi mama.

Baba alisimama mbele yake.

"Lori ya Marabo inapitakia hapa?" baba aliuliza.

"Na baguettes, banauzishia hapa?" mama alijibu.

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo walisogea tu, Jemima akakaa katikati, na kila mmoja akashika daftari lake kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kutoroka. Foleni ikasonga. Watu saba mbele yao wakawa watano, kisha watatu. Nyuma ya dirisha mama mmoja mwenye miwani alikuwa akisoma kila karatasi taratibu kabla ya kuipiga muhuri. Kila muhuri ulipogonga meza, Jemima alishtuka.

Walipobaki wawili, alisimama.

"Papa, Mama, musipeleke hizo daftari," alisema. Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, na machozi yakafuata. "Papa, milango yako tatu iko mu daftari ya Mama. Weye ulinituma. Na Mama, magunia yako kumi iko kwa Papa. Weye pia ulinituma. Kila mutu alisema nisiambie mwenzake. Na hesabu haikupunguka, ata kidogo! Mi nimechoka. Siwezi tena."

Watu kwenye foleni waligeuka. Baba alifungua daftari jekundu, akaona maharagwe. Mama alifungua la kijani, akaona milango.

"Papa Jemima," mama alisema polepole. "Ulinitwika milango?"

"Na weye ulinitwika magunia," alisema baba.

Ungetarajia ugomvi. Lakini kugombana pia kunataka nguvu, na nguvu hawakuwa nazo. Mama alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Baba akamtazama binti yake, akaona mashavu yalivyokonda ndani ya juma moja, na akaona haya kuliko siku zote za maisha yake.

Zamu yao ilipofika, baba hakuficha kitu. Aliweka madaftari yote mawili wazi mbele ya dirisha na kueleza mambo yote, hata yale ya aibu. Mama mwenye miwani, ambaye watu walimwita Madame Nadège, alisikiliza akiwa ameshika kichwa. Ilikuwa siku ya mwisho, naye alikuwa amekaa pale tangu asubuhi na chai yake imepoa.

"Milango tatu ya chuma, ya hoteli," alisoma katika daftari la kijani. "Mama, haya ni maharagi ya aina gani?"

Mama aliinamisha kichwa. Madame Nadège akacheka kwa uchovu, kisha akawa mkali.

"Kama ningekuwa nimepiga muhuri, sasa tungekuwa tunasema mambo ya amende, ni kusema faini. Mumesema ukweli mbele ya muhuri, ni vizuri. Bon, tuanze. Papa, mutu akikuagiza mulango, chuma ananunuaka nani?"

"Ananipa makuta, mi naenda kumununulia ku quincaillerie, ile duka ya vyuma."

"Na hiyo makuta ya chuma, umeiandika kama mauzo yako?"

"Yote," baba alisema.

"Sasa hiyo si mauzo yako! Ni makuta ya mutu, imepita tu mu mikono yako. Yako ni ya kazi. Leta reçu, zile karatasi za duka, tuiondoe. Na weye Mama, haya magunia yote ni yako?"

Mama alifikiri, kisha akaeleza. Dada yake, Charlotte, aliyekimbia vita kule Djugu, alikuwa akilima shamba la kukodi Marabo. Maharagwe yake yalikuja kwa lori lilelile, na mama aliyauza kwa niaba yake na kumrudishia fedha yake, akibakiza kidogo tu ya kazi. Na yote hayo Jemima alikuwa ameyaandika kama ya mama.

"Ya dada yako ni ya dada yako," alisema Madame Nadège. "Mulete karatasi ya kuonyesha. Leo nawaandikia kama mumefika mu siku. Lundi asubuhi mulete hesabu ya kweli."

Jumamosi mchana walikaa mezani wote watatu, kwa mara ya kwanza madaftari mawili yakiwa wazi pamoja. Mama alikuwa na vikaratasi ambavyo Charlotte alimtumia na kila lori, vyote vimefungwa kwenye mfuko. Baba aliinama chini ya kitanda kutafuta kopo la maziwa alimokuwa akitupia stakabadhi zake. Kopo lilikuwa jepesi.

"Mama Jemima, karatasi zangu iko wapi?"

Mama aliweka mkono mdomoni. "Ile ya mu kopo? Nilikuwa nawashia nayo makala ya jiko."

Baba aliligeuza kopo juu chini. Kisha baba akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, na mama naye akacheka, kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Miezi minne ya stakabadhi ilikuwa imepika ugali wao wenyewe. Desturi ya kutochungulia mambo ya mwenzako ina gharama yake.

Jumatatu, siku waliyopangiwa, hesabu ilionekana wazi. Magunia ya Charlotte yalipotolewa, mama hakufika hata karibu na kikomo. Baba alitoa fedha ya chuma aliyokuwa na karatasi zake, lakini ile iliyoungua haikutoka, na kwa hiyo alibaki juu ya kikomo kwa kiasi cha mlango mmoja. Madame Nadège hakumhurumia hapo. Alimruhusu tu alipe kwa awamu mbili, kisha akaondoa miwani na kumgeukia Jemima na wazazi wake pamoja.

"Mutu hakatazwe kupanga kodi yake," alisema. "Kupanga ni kutunza karatasi, ni kuzungumza bwana na bibi mbele ya mwaka kuisha, ni kuandika cha kila mutu kwa jina lake. Kuficha si kupanga. Kuficha kunachokesha, na mwisho unalipa tu."

Njiani kurudi, baba alibeba begi la shule la Jemima, jambo ambalo hakulifanya tangu Jemima alipokuwa darasa la kwanza. Walipofika kwenye karakana alisimama.

"Mwanangu, utusamehe," alisema. "Faini ingekuwa ya siye. Lakini ule muzigo wa mu roho, siye bazazi tuliuweka kwako, na haukuwa wako. Tangu leo, mutu mukubwa akikuambia 'andika uongo, na usiambie mama', ata kama ni mi papa yako, kataa."

"Ata kama ni mi mama yako," mama aliongeza.

"Na daftari yangu nitaandika mwenyewe," baba alisema. "Mwandiko ni mubaya, mais ni wangu."

Siku iliyofuata, Jemima alipoingia nyumbani kutoka shuleni, meza ilikuwa tupu. Alivua soksi, akajilaza kwenye mkeka ili apumzike kidogo tu. Huko nje baba alimsomea mama kwa sauti mlango wa siku hiyo, na mama akamsomea magunia yake, wakibishana juu ya tarehe. Mama alipokuja kumwita ale, alimkuta amelala fofofo, mkono umefunguka wazi, hauna kalamu. Akamfunika kitenge, akamwacha alale.