Uji wa Luisa

Aidan Ndunguru alifikishwa kituo cha afya kando ya ziwa akiwa bado anapumua. Sukari ya damu ilikuwa chini mno, hata muuguzi akadhani kipimo kimeharibika. Alimtoa damu ya kupima, akamtundikia dripu ya glukosi, lakini muda ulikuwa umepita. Mgonjwa akakata roho.

Dada yake mkubwa, Rosina, mkazi wa Mbaha, kijiji cha hapo ziwani, hakungoja kuulizwa. Alisema mdogo wake ameshuka asubuhi hiyo hiyo kwa bodaboda kutoka kwake kijiji cha Ruanda, milimani, akaanguka mlangoni kabla hata ya salamu. Kwa vyovyote mkewe, Luisa, ndiye aliyempa sumu. Polisi walipopekua nyumba ya Luisa wakakuta kichupa cha insulini, dawa ya kushusha sukari, ndani ya mtungi wa maji. Kesi ikaonekana imekwisha.

Inspekta Hasna wa upelelezi, Mbinga, hakupenda kesi zinazokwisha upesi hivyo. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Mkuu wake alitaka Luisa ashtakiwe kwa mauaji, na ukoo wa marehemu ulikuwa umeapa hatalikaribia kaburi. Hasna akaamuru aletwe kutoka mahabusu.

"Insulini ya nani?"

"Ya mama yangu, afande. Ana kisukari, nakaa naye. Friji hatuna, mtungi ndio unaipoza."

"Ulimchoma mumeo?"

"Sijawahi."

"Majirani wanasema ulikuwa unamwamsha usiku na kumlisha."

"Uji wa sukari. Asipokula anatoka jasho, anaongea ovyo kama mlevi, mwisho anadondoka. Hospitali walimpa dawa za kifafa, hazikusaidia. Uji ulisaidia."

Luisa alieleza kuwa wakulima wenzake Aidan huenda shamba la kahawa alfajiri tumbo tupu, lakini yeye hakuweza. Hata njiani alibeba kipande cha muwa. Tena hakuondoka asubuhi ile. Aliondoka jana yake, wifi yake Rosina alipomwita kikao cha ukoo, akaahidi kurudi kabla ya giza.

Hasna alitamani kumwamini, ila kuamini si ushahidi. Akaenda chumba cha maiti kumsumbua Dokta Wilfred.

Daktari alimwonyesha kivimbe alichokitoa kwenye kongosho, kidogo kama punje ya haragwe. Kongosho lisilo na ugonjwa, alisema, sukari ikishuka huacha kumwaga insulini. Kivimbe hiki hakikujua kuacha. Kilimwaga mtu akiwa ameshiba, kikamwaga akiwa na njaa, na ubongo usiopata sukari huzima.

"Na kichupa cha mkewe?" Hasna akauliza.

"Mwili ukitengeneza insulini, hutoa pamoja nayo kipande cha protini. Insulini ya kiwandani haina kipande hicho. Damu aliyotolewa akiwa hai ilipelekwa Dar es Salaam, majibu yameingia leo. Kipande kimejaa tele. Hakuchomwa na mtu."

"Basi ni ugonjwa tu."

"Ugonjwa, na njaa. Tumbo halikuwa na kitu. Na chini ya kucha nimekuta rangi ya buluu, na vibanzi vya mbao."

Njia ya mwongo ni fupi. Hasna aliteremka Mbaha mchana huo huo, akamwamkia Rosina shikamoo, akaomba kuzunguka nyumba. Mlango wa stoo ya muhogo ulikuwa wa buluu. Kwa ndani ulikuwa umekwaruzwa kuanzia usawa wa komeo hadi chini.

"Mama, alilala humu?"

Rosina akaketi kizingitini.

"Nilimfungia mimi."

"Kwa nini?"

"Tangu aoe alinenepa, mwanangu. Akija kwetu hatulii, mbio kwa mkewe. Tukasikia analishwa usiku. Kama si limbwata, ni nini? Nikasema akae bila chakula cha yule mwanamke, wala kitu kitamu, mpaka limtoke."

"Na muwa wake?"

"Nilimnyang'anya."

"Aliomba chakula?"

"Aliomba sukari. Nikajua ni limbwata linalia." Alijifuta uso kwa khanga. "Mama alipokufa nilimlea mimi. Nilitaka mdogo wangu arudi. Asubuhi nikamkuta hasemi. Niliogopa kusema nilimfungia, lakini niliamini kabisa kuwa mke ndiye muuaji."

Hasna akamweleza habari ya kivimbe. Rosina aliuliza kama angemfungulia ingekuwaje. Hasna akasema kweli: maji ya sukari yangetosha kumvusha usiku ule.

Rosina aliandikisha maelezo yake, akashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Luisa akaachiwa. Hasna alimsomea maelezo ya wifi yake, akitarajia matusi, na moyoni akiyaruhusu.

Luisa hakumtukana wifi yake.

"Aidan ndiye alinikataza kusema," akasema. "Aliona haya, mwanamume mzima kuamshwa na kulishwa kama mtoto. Nikamtunzia siri." Akaanza kulia. "Wifi angejua, afande, angempa sukari yote iliyokuwa ndani ya nyumba yake."